Mlango wa Upande wa Bahari

Fundi mwashi aliuonea fahari ukuta wa bahari, maana na mkono wake ulikuwamo. Dhoruba ilipotulia asubuhi ile, alitoka mbio kwenda kuukagua, akaukuta hauna hata ufa. Akashusha pumzi, kisha akageuka kuitazama nyumba ya dada yake, iliyokuwa nyuma ya ukuta huo.

Mlango ulikuwa umeng'oka. Mawimbi yalikuwa yameruka juu ya ukuta na kumwaga kokoto mpaka sebuleni, na cherehani ililala kifudifudi kwenye matope.

"Ukuta wako mzima, kaka," dada mtu alisema, huku akikamua pazia. "Niliyelowa ni mimi."

Miaka yote fundi alihofia ukuta kubomoka. Wazo la maji kupita juu yake halikuwahi kumjia akilini.

"Niuongeze kimo?"

"Na bahari ikiongeza chake?"

Wiki ile aliuziba mlango wa upande wa bahari kwa matofali, akatoboa mwingine upande wa barabarani. Dada alilalamika kwamba sebule sasa ina giza. Fundi alikiri kwamba ni kweli, akaendelea kupiga lipu.