Kijiko cha Ngano Kabla ya Baraka

Vidosava alikuwa mwanamke wa haraka tangu tumboni mwa mamake, basi hebu fikiria mtu wa namna hiyo kufungwa kwenye mashine. Tangu matumbo yake yalipojisokota na madaktari wakayakata karibu yote, chakula chake kilimwingia kwa mpira uliopachikwa kifuani: mfuko mweupe, usiku kucha, asubuhi anafunguliwa. Miaka ikaenda hivyo. Sasa kile kipande cha utumbo kilichobaki kilikuwa kimeanza kujua kazi. Supu inakaa, mkate unakaa, na daktari alishampunguzia mifuko, usiku mmoja baada ya mwingine. Jumatatu angepimwa tena, na mambo yakiwa shwari, mpira unatolewa. Akili yake yote ilikuwa kwenye hiyo Jumatatu.

Ila kabla yake kulikuwa na sikukuu ya Mtakatifu Nikola, mlinzi wa ukoo wa mumewe, siku ambayo wageni hawaalikwi, wanakuja tu. Vidosava alichelewa kujifunga mfuko kwa sababu ya kukanda mkate wa sikukuu. Asubuhi mfuko ulikuwa haujaisha, na padri, ambaye kila mwaka huja adhuhuri, safari hii akaanzia kwao.

"Baba Simeun yuko getini!" mumewe Ljubinko akaita toka ukumbini.

"Saa hizi? Ana wazimu?"

"Wewe punguza mashine taratibu, sisi tutamzungumzisha."

"Padri asimame ananisubiri mimi na mipira yangu? Thubutu!"

Alijua vizuri la kufanya. Muuguzi alimwimbia wimbo huohuo mpaka akachoka: saa ya mwisho unapunguza mwendo, unapunguza tena, ndipo unazima, maana mwili uliozoea kumiminiwa sukari ukikatiwa ghafla, sukari ya damu inaporomoka. Alijua, na bado akazima. Akausafisha mpira mbiombio, akaufunga, akavaa gauni, akatoka anacheka.

Mama mkwe wake, Radojka, alikuwa amesimama mezani, mdomo ameubana. Vidosava alimwogopa bibi huyu, tena alimchukia kidogo. Miaka yote hiyo alipigwa dongo lilelile: "Kwangu mimi watu wanakula."

Mshumaa ukawashwa, padri akaanza kuimba. Ukafika wakati wa kuuzungusha mkate, nyumba nzima wameushika kwa pamoja, na hapo Vidosava akahisi jasho la baridi likimteremka mgongoni. Vidole vikatetemeka, mkate nao ukatetemeka. Mungu wangu, si sasa, si mbele ya watu! Sauti ya padri ikawa mbali.

Radojka akauachia mkate. Akachota kijiko kwenye bakuli la ngano iliyopikwa kwa sukari na kokwa za jozi, ile ambayo mtu haigusi kabla haijabarikiwa. Yeye mwenyewe aliwahi kumzaba mjukuu kofi kwa kuionja. Akakisukuma mdomoni mwa Vidosava.

"Radojka!" padri akamaka.

"Mtakatifu Nikola atangoja, Baba. Huyu hawezi kungoja. Meza, mwanangu. Chukua tena. Meza!"

Wakamkalisha. Ljubinko akamtoboa kidole akapima. Sukari ilikuwa chini sana. Bibi akaendelea kumlisha, na walipopima tena ikawa imeanza kupanda.

"Mama, ulijuaje?" Vidosava akanong'ona.

"Si tumetenganishwa na ukuta tu? Kila asubuhi naisikiliza mashine yako ikipunguza mwendo, ndipo naamka kwa amani. Leo haikupunguza. Ilinyamaza. Nilidhani umekufa. Ulipotoka unacheka, nikajua umefanya nini, mjinga wewe."

Vidosava akalia, hakujali tena nani anamwona.

"Jumatatu utamwambia daktari mwenyewe, au nimwambie mimi?"

"Akijua, mpira hautoi."

"Asiutoe."

Vidosava aliutamani sana ule usiku wa kulala bila kamba.

"Nitamwambia," akasema.

Radojka akamfuta sukari mdomoni kwa aproni yake, kisha akamgeukia padri.

"Haya, Baba. Bariki iliyobaki."