Mwenye Mkono

...na asigeuke, hata kama ni yeye anayesemwa, asigeuke, maana mikono iko ndani ya kabati la virusi hadi viwikoni, kioo kimeshushwa, pipeti imebeba tone, na sheria ya maabara hii haina mjadala, mwenye mikono ndani hageuki wala hasemeshwi, nao wamejua kuitumia, wamesimama nyuma yake wanamsema kama vile ni friji, Profesa na mgeni wake, kijana wa tai, viatu vinalia kila akihamisha mguu, amekuja kuonyeshwa kazi, kazi gani, kazi yake yeye, utafiti wake, kiti chake, mkataba unaisha mwisho wa mwezi na juzi tu Profesa alimwambia tulia, mambo yako yanashughulikiwa, kumbe ndiyo haya yanayoshughulikiwa, yamevaa tai. Kisima hiki tone, kisima kinachofuata tone, sahani yote ina visima vidogo vidogo na kila kimoja kinataka chake, sasa Profesa anasema hapa ndipo tunapokuza virusi vya kuua seli za saratani, tunapokuza, sisi na nani, Profesa alishika pipeti lini mara ya mwisho, leo akiishika ataishika kama mwiko, na kijana anaitikia mm, mm, kwa adabu, ndiyo inayomuudhi zaidi, hiyo adabu. Mama naye jana kwenye simu, mwanangu umesoma mpaka macho yameingia ndani, daktari gani wewe hujui hata kuniandikia dawa ya presha, akacheka mwenyewe, halafu akauliza taratibu, wameshakuajiri moja kwa moja, akajibiwa karibuni mama, karibuni, neno limechakaa mdomoni na bado analitoa, na mama bado analipokea...

"Huyu ana mkono," Profesa anasema. "Wenzake virusi viliwafia, yeye vinamtii. Atakuelekeza kila kitu kabla hajaondoka."

Kabla hajaondoka... ndivyo mtu anavyopewa habari zake, mgongoni, zikiwa zinapelekwa kwa mwingine, tone liko kwenye ncha, lisidondoke, tulia. Eti mkono. Mkono gani, ni seli, maelekezo yaliyobandikwa ukutani yanasema ngoja seli zijae sahani nzima ndipo uweke virusi, uongo mtupu, zikijaa zinabanana, zinaacha kugawanyika, na virusi hivi havina kazi na seli iliyolala, viweke zikiwa nusu tu uone vinavyokula, hilo alilivumbua mwenyewe na hajamwambia mtu, alilificha liwe kinga yake, nani atamfukuza mwenye mkono, haya, wamemfukuza. Vizuri sana. Atamwelekeza kijana wa watu, atamwonyesha swichi, mahali pa kutundika koti, atamsomea maelekezo ya ukutani neno kwa neno, kisha yeye huyoo aende zake, akae huko atakakokuwa akiziwazia sahani za kijana zikifa moja baada ya nyingine na tai ikilegea shingoni, aonje, mbona yeye alionja, mwaka mzima wa kwanza sahani zimekufa, analia chooni, ananawa uso, anarudi kuweka nyingine, na dada aliyemtangulia hapa alikuwa anavikuza bila shida yoyote, akaondoka kimya, mwenye maringo yule, siku yeye alipoletwa kuonyeshwa kazi alimsalimia kwa heshima zote na yule dada hakugeuka, mgongo tu, kwenye kabati hili hili, na Profesa akasema huyu ana mkono... alisema. Maneno haya haya. Atakuelekeza kila kitu. Na mabega ya yule dada yalikuwa yanapanda na kushuka, yeye akadhani anachekwa, jamani, hakuwa anacheka, mwenye glovu zenye virusi hawezi kujifuta machozi, anayaacha yateremke mpaka ndani ya barakoa, yanawasha, yana chumvi, anajua kwa sababu yake mwenyewe sasa yameshamfika mdomoni. Kwa hiyo yule dada alijua. Seli zikiwa nusu, alijua, akaondoka nalo amkomoe anayekuja, na kabla yake labda mwingine vile vile, wanakomoana wao kwa wao, Profesa hakomolewi hata siku moja, mkono huu ukichoka unaletwa mwingine, na yeye mwaka mzima alimlaani mwanamke wa watu badala ya...

Simu ya Profesa inaita, anatoka nayo, mlango unajifunga, viatu vinasogea, hajui sheria huyu, hakuna aliyemwambia.

"Samahani dada," kijana anasema, na sauti si ya mtu wa tai kabisa, ni ya mtu ambaye hakulala. "Nimeambiwa baadaye inakuwa ajira ya kudumu. Ni kweli?"

Ya kudumu... bado visima, bado tone, ngoja wewe, usiondoke hapo, vikiisha tu atamwambia yote mawili, kwamba seli ziwe nusu, na ayabandue yale maelekezo ukutani abandike ya kweli ili asisifiwe mtu mkono tena, na kwamba hilo la kudumu aliambiwa yeye pia, si kwamba anampenda, hampendi, viatu vyake bado vinamkera, ila mtu wa kumchukia ameshampata, na yuko koridoni anacheka na simu.