Munungwe wa Profesa

Baba yangu, Profesa Alphonse Mwenze, alijulikana mpaka Ulaya juu ya wazo moja: desturi haitoke ku mugini, kule kijijini kwa bankambo, bageni njo banaitunga, siku banalia mufu mumoja pamoja. Alisema alilipata kwa kuchunguza vilio vya kambi za bafanyakazi wa migodi. Siku ya maziko mi, Angélique, mutoto wake wa kwanza, nilipaswa kulisoma lile wazo mbele ya sanduku, bakubwa bote ba inivesite bakisikia. Nilijivuna, sifiche.

Asubuhi ile, kwetu Kasungami, akaingia mama Katongo, muuza samaki wa Kasenga. Ye ni munungwe wetu: ukoo wake na wetu tunataniana, na ku kilio munungwe ana ruhusa ya kutukana maiti. Hakuna wa kukasirika. Akalala mu mulango, akapiga kelele:

"Mwivi! Ulikula samaki yangu, ukakula na maneno yangu! Rudisha, ao hauzikwe!"

Bantu bakacheka mpaka machozi. Mi pia nilicheka, Mungu anisamehe.

Nikamuinua, nikamupeleka jikoni apate chai. Pale akatoa kaye ya zamani, daftari ya kuandikia, mu kikwembe alichojifunga.

"Baba yako alinipa ye mwenyewe ku lopitali, juma iliyopita. Mi sijue kusoma. Soma, mutoto."

Mwandiko wa baba! Juu ya kila ukurasa: "Mama Katongo amesema." Chini yake, wazo lile lile, neno kwa neno, na tarehe ya mwaka 1988, mbele kitabu chake kitoke. Mifano yote iko pale. Mu kitabu chake, jina la huyu mama haliko hata mara moja. Yesu wangu! Nikakaa chini mu sakafu.

"Mama, juu ya nini haukusema?"

"Nilisema. Tangu nilisikia kitabu chake ku redio, kila kilio ya kwenu nasema. Banacheka."

Ku makaburi bakanipa mikrofoni. Nikasema: "Mama Katongo amesema: desturi haitoke ku mugini..."

Kicheko kikalipuka. Maprofesa bakapiga makofi. Mukubwa wao akapangusa macho, akanong'ona, "Umetania muzuri, mutoto!"

"Musicheke!" nikalia kwa nguvu. "Mi si munungwe wa Profesa! Mi ni mutoto wake!"

Pale njo bote baligeuka kumutazama mama Katongo.