Majina Mengi, Tope Tele

Enyi ndugu mpendao vikao, nitegeeni sikio, maana nimeota ndoto na hasira bado ninayo. Jana tulikaa kikao tangu asubuhi kwa ajili ya mto wetu huu wa kaskazini, mto mdogo ambao mbuzi huuvuka bila kulowa tumbo. Unachipuka msituni juu ya Mrindi, unaporomoka majabalini, unazunguka kilima, kisha unafika kwenye vitunguu vya Kwamsindo na kufia mchangani. Watu wa juu wanauita Kivuma, kwa ngurumo zake kwenye mawe. Wa chini wanauita Sengasu, kwa jina la babu yao aliyechimba mfereji wa kwanza. Chemchemi imezibwa na tope, vitunguu vinanyauka, na mimi ndiye mpiga baragumu wa msaragambo, kazi yetu ya pamoja. Desturi inanitaka nitaje mahali pa kazi kwa jina, na asiyesikia jina alijualo halazimiki kutoka.

"Ukitaja Sengasu, kwetu hatoki hata kuku," alisema Mzee Senzota wa Mrindi.

"Na ukitaja Kivuma, mwanangu Eliapenda, uchimbe peke yako," akajibu Bi Nakijwa wa Kwamsindo, ambaye nusu ya shamba lake imekwisha kukauka.

Nikarudi nyumbani kichwa kinanigonga, nikajitupa kitandani bila kula.

Usingizi ukanipeleka nchi nisiyoijua, yenye bonde refu lililojaa vibao vya majina kuliko miti. Mwanamke wa makamo alinishika mkono, akasema yeye ni Subira. Nilitegemea mtu mpole. Kumbe amenuna kuliko mimi. "Nimengoja hapa mpaka nimechoka," alisema. "Twende ukaone." Tukamkuta Kiburi, kifua mbele, akipigilia kibao ukingoni, na Ubishi wa ng'ambo akivuka kuking'oa na kusimika kingine, na povu likiwatoka wote wawili. Katikati yao alilala Mto mwenyewe, mwanamke mwembamba, midomo imepasuka, tope limemfika kifuani. Nikapiga magoti nikamuuliza jina lake la kweli ni lipi, ili nikawamalizie ugomvi.

"Hata wewe?" alisema kwa shida. "Niite upendavyo, baba, ila niondolee hili tope."

Niliona haya, kisha nikapandwa na hasira, nikataka kuwavamia wale wawili. Subira akanivuta shati. "Acha papara. Hebu tazama nani anawaletea misumari." Nikatazama. Nyuma ya vibao, kwenye kivuli kizuri, alijinyoosha bwana mmoja mnene, majembe mapya yote ameyafanya mto wa kulalia. Kila misumari ilipowaishia wale wawili, yeye aliwarushia mingine, akisema kwa upole, "Endeleeni, waheshimiwa, jambo hili si la kuharakisha. Mkishapatana, mniamshe tukafanye kazi." Jina lake lilikuwa Uvivu.

"Huyu ndiye mwenyekiti wenu," alisema Subira. "Wale wawili ni wapiga kelele tu."

Nikaamka alfajiri, koo limekauka. Kumbe jana kutwa hatukuwa tukigombea jina. Tulikuwa tukikwepa jembe, wa juu kwa wa chini, na jina lilitupa udhuru wa heshima. Nilichukua baragumu, nikapanda kilima kinachotenganisha vijiji, nikapuliza mpaka mbwa wakalia. Kisha nikaita, bila kutaja jina lolote, "Tope, jamani! Kwenye tope!"

Upande wa Kwamsindo nilimwona Bi Nakijwa akitoka, jembe begani, akinitazama kwa mashaka. Upande wa Mrindi, Mzee Senzota alisimama mlangoni pake, shuka mabegani.

"Tope la mto gani?" alifoka.

"Huo uliomo mtungini mwako, Mzee!"

Akafungua mdomo anijibu, lakini mkewe alimwahi kutoka ndani, kwa sauti iliyofika mpaka kilimani:

"Mtungi mtupu tangu juzi, baba Namkunda. Chukua jembe."

Akalichukua.