Safu ya Kushoto

Zuena aligeuza vitumbua kwa kijiti, kimoja kimoja, kama afanyavyo kila alfajiri kibarazani kwake Mbagala. Alipoona vyote vimeiva alinyoosha mgongo, akajifuta mikono kwa kanga.

"Bi Zuena, leo wataka tule mkaa?" Raudha, jirani yake, alikuwa amefika na bakuli. "Hivi vya kushoto mbona umevisusa?"

Zuena akageuza shingo. Ndipo alipoiona: safu nzima ya kushoto, nyeusi, inafuka moshi. Harufu aliisikia tangu mwanzo; alidhani inatoka kwa jirani. Akavikwangua, akawatupia kuku, akacheka.

"Usingizi tu, mwanangu."

Raudha hakucheka.

Haukuwa usingizi. Nesi wa kliniki ya macho alimweleza mwaka jana: presha ya macho haiumi. Inakula pembeni kwanza, polepole, na ilichokula hakirudi. Atie matone kila jioni, maisha yake yote. Akawa anatia, mpaka Wafa, mke wa mwanawe Anwar, alipoanza kuuza vidonge vya kijani: mchicha, mlonge, karoti, vyote vimesagwa vikatiwa koponi. "Hiki ni chakula cha macho, mama. Matone ni kemikali." Pesa ya matone ikanunua kopo, kisha kopo jingine. Zuena hakukataa. Tangu Anwar aumie mgongo kwenye makontena Kurasini, vidonge ndivyo vilivyokuwa vikilisha nyumba.

Mchana Wafa alimvisha baibui lake zuri.

"Leo utatoa ushuhuda kwenye mkutano wa kampuni ya vidonge, mama. Sema tu unaona vizuri. Nikipandishwa cheo, nami napata posho."

"Mwanangu, asubuhi vitumbua vimeniungulia sivioni."

"Hiyo ni sumu inatoka. Mwalimu Wilfred alishasema, kabla ya kupona giza linazidi kwanza." Wafa alikuwa akimfunga mtandio. Mikono yake ikasimama. "Mzigo ule wa makopo nimeuchukulia mkopo wa kausha damu, mama. Nimewaandikishia friji na godoro la Anwar kuwa dhamana. Nisipolipa, Jumatatu wanakuja kubeba. Na mgongo ule atalala chini?"

Zuena akainua kidevu ili mtandio ukae sawa.

Ukumbini Temeke spika zilikuwa zinatetemesha viti. Mwalimu Wilfred, aliyevaa koti jeupe kama la daktari, alimpandisha jukwaani.

"Mama yetu hapa alikuwa anakwenda kwenye upofu! Mama, unaniona?"

Zuena alimtazama kama mtu achunguliaye kwenye bomba. Aliona tai na meno. Mikono ya Wilfred hakuiona.

"Nakuona."

"Tai yangu rangi gani?"

"Nyekundu."

"Na matone ya hospitali je?"

"Niliacha."

Kila neno lilikuwa kweli. Ukumbi ukalipuka kwa makofi, na watu wakaanza kujipanga mbele ya meza ya makopo kabla hajashushwa.

Ngazi ya mwisho hakuiona. Mkono wa mtu ukamdaka.

"Pole, dada." Alikuwa mzee mwenye kofia ya viua, kopo la kijani likimning'inia mkononi ndani ya mfuko. "Mie Mwishehe. Ugonjwa wetu mmoja. Wanangu wanajinyima kula waninunulie matone, nami nilikuwa naona haya kila nikiyatia. Leo umenitua mzigo. Chupa nimeitupa kwenye pipa lile pale, sasa hivi."

Akaelekeza kidole. Zuena hakuliona pipa wala kidole.

"Kopo lirudishe, kaka."

"Nirudishe?" Mzee akacheka. "Wameandika pale, mali ikiuzwa hairudi. Nami sirudishi."

"Mama!" Wafa alitokeza ghafla katikati ya bomba lile, beji mpya kifuani, machozi yanamtiririka. "Mama, wamenipandisha!"

Akamkumbatia. Kwa juu ya bega lake Zuena alisikia foleni ikiwapita, ndala zikiburuzika kwenye sakafu kuelekea mezani. Alinyoosha mkono gizani, upande wake wa kushoto, akapapasa mpaka akaushika mkono wa kanzu ya mzee.

"Kaokote chupa yako," alisema. Muziki ukaongezwa, naye akapaza sauti. "Kaokote! Mie sioni, kaka! Huyu ni mwanangu, wanambebea godoro, nikasema naona. Mie sioni!"