Maiti Mzoefu

Kazi ya Papa Clive ilikuwa kufa. Simtukani, alinieleza mwenyewe, amekaa kwenye kiti changu cha kusukia nywele hapa ugenini, mtaa wa Bellevue, huku nikimpaka poda afanane na maiti. Kwao Uingereza ameigiza tangu ujana, na kila filamu walimuua mapema. Alisukumwa kutoka kwenye treni, akanyweshwa chai yenye sumu, akaliwa na mamba. Mume wangu Gustave, mlinzi ambaye hababaishwi na mtu yeyote, alipomwona getini alikimbia kuomba kupiga naye picha.

"Jocelyne, huyu nilikuwa namuona kwetu Bukavu, kwa video!" aliniambia. "Akikufa tu, tunajua sasa filamu inaanza."

Uzeeni Papa Clive akaamua kutengeneza filamu yake mwenyewe. Aliiandika, aliiongoza na aliigiza. Ilihusu mzee Mwingereza aliyepanga chumba katika nyumba kama yetu, nyumba kubwa ya zamani iliyokatwakatwa vyumba, halafu, ungetarajia nini, anakufa. Ila safari hii angekufa mwishoni, na wapangaji wenzake wangemlilia. Katika filamu zote zile hakuna aliyewahi kumlilia. Walimruka tu wakaendelea kukimbizana. Alikitaka kilio hicho kuliko kitu chochote, na ilibaki siku moja tu ya kupiga picha. Kesho yake kamera zingerudishwa, naye apande ndege.

Waliaji nilimtafutia mimi. Nilimletea Mama Marcelline, muuza vitenge wa Fordsburg, pamoja na wenzake wa kwaya. Mama Marcelline akilia msibani, hata wasiomjua marehemu wanajuta kutomjua.

Basi jeneza likawekwa sebuleni, Papa Clive akalala ndani, akafa vizuri kabisa. Thabo, mpiga picha wake, akaashiria tuanze. Badala ya kulia, Mama Marcelline akasogea, akachungulia jenezani.

"Papa, mama yako iko muzima?"

Maiti akafungua jicho moja. Nikamtafsiria. Akasema mama yake alikwisha kufariki.

"Jina lake nani? Na nani alimulilia?"

Lilikuwa swali la haki. Kwetu hatulii ovyo ovyo. Unamsimulia marehemu maisha yake, unamtuma apeleke salamu kwa waliotangulia. Sasa utamtumaje mtu kwa mama ambaye hata jina lake hulijui?

Papa Clive akaketi mle jenezani. Mama yake aliitwa Enid, akasema. Siku alipozikwa, yeye alikuwa mbali, kwenye kazi, amelala katika jeneza la filamu. Hakuweza kuondoka, walikuwa wanamuua siku hiyo. Dada yake Maureen hajazungumza naye tangu hapo.

Nilitafsiri yote. Mimi si mtu wa kuzungusha maneno.

Mama Marcelline akarudi nyuma, akaketi, akakunja mikono. "Huyu hatumulilie. Hakulilia mama yake, sasa yeye ataliliwa namna gani? Akifika kule, mama atamuuliza nini? Tulie mama kwanza. Yeye angojee."

"Mwambie ni filamu tu," Papa Clive aliniomba. Nikamwambia.

"Filamu ni yake. Machozi ni yangu, na siko na ya uongo."

Papa Clive akatoa kichupa cha dawa ya kuchuruzisha machozi. Mama Marcelline akakitazama kama amepewa bia kanisani. Thabo alichungulia dirishani akasema, "Eish," kwa sababu jua lilikuwa linashuka na mzee alikuwa hajafa bado.

"Haya, basi," akasema Papa Clive. "Mlilieni mama. Lakini haraka."

Haraka! Walimtoa jenezani, wakamvua viatu, wakamketisha kwenye mkeka, kwa sababu mfiwa hakai kitini. Mama Marcelline akataka kujua huyo Enid alikuwa mtu wa namna gani. Papa Clive akafikiri. Mama yake, akasema, alikwenda kutazama kila filamu yake, na kila mara alitoka ukumbini mtoto wake alipokufa. Hakuweza kuvumilia. Hakuwahi kuona mwisho wa hata moja.

Niliyatafsiri hayo kwa shida kidogo. Mama Marcelline akafungua kilemba chake, akapiga magoti, na nyumba nzima ikatetemeka.

"Mama Enid! Mama wa mutoto wa kufakufa! Ulikuwa unatoka, unatoka, leo umetoka kabisa! Mutoto hakukusindikiza! Ni huyu hapa, tumemuleta! Amechelewa, iko na poda, lakini ni yeye!"

Mwanzoni Papa Clive alitabasamu kwa adabu. Kisha kidevu kikaanza kucheza. Kisha akalia, na wala si kwa sauti ya uigizaji. Alilia vibaya, mdomo wazi, kamasi zikimtoka, poda yangu yote ikashuka hadi kwenye shati. Nami nikalia, mimi ambaye silii kirahisi. Gustave aliingia na rungu lake akidhani kuna mtu ameuawa.

Walipomaliza, Papa Clive alikumbuka kazi. Akarudi jenezani mbio mbio.

"Sasa ndiyo," akasema Mama Marcelline. "Lala, papa, tukulilie."

Alilala, lakini kufa kulimshinda. Kifua kilipanda na kushuka, kwikwi zilimshika, machozi yaliingia masikioni. Mtu aliyekufa vizuri mdomoni mwa mamba! Alijaribu, akajaribu tena, mpaka jua likaisha. Akafunika uso kwa mikono. Filamu yake ilikuwa imekwisha bila mwisho.

Ndipo Thabo akakohoa kidogo. Kamera, akasema, hakuwa ameizima hata mara moja.

Filamu tuliitazama miezi kadhaa baadaye, kwenye ukuta wa kanisa. Mama Marcelline alikaa mbele na leso yake tayari. Yule mzee anapata habari za kifo cha mama yake, wapangaji wanamketisha mkekani, wanalia naye. Asubuhi ananawa uso, anaomba chai, kipande cha siku za mwanzo kilichohamishiwa mwishoni. Majina yakaanza kupanda.

"Hajakufa!" Gustave akapiga kelele. "Sasa filamu inaanza saa ngapi?"

"Na kilio chake nilikuwa nimekiweka," akalalamika Mama Marcelline.

Usiku ule Papa Clive alinipigia simu. Kule kwao, dada yake Maureen alikubali kuja kuitazama. Aliketi kandokando ya mlango, koti mwilini, mkoba mapajani, tayari kutoka kaka yake akifa, kama alivyozoea mama yao. Hakutoka. Taa zilipowashwa, alikuwa bado ameketi pale, na koti amelivua.