Gari Lenye Akili Timamu

Jana usiku niliota nimeshaamka, nimeoga, na nimevaa gauni la kanisani na mabuti ya mvua, tayari kwenda kuchagua gari langu la kwanza. Kwa kuwa ndivyo asubuhi yenyewe ilivyotakiwa kuwa, ukiondoa mabuti, sikushuku kitu.

Niseme kwanza mambo yalivyokuwa kabla sijalala. Naitwa Tumpe, nafundisha chekechea hapa Tukuyu, na leseni yangu bado inanukia upya. Binamu yangu Gwakisa alikuwa ameniganda ninunue gari jekundu lililoko yadi, la chini, lenye bomba la moshi linalonguruma kama lina ugomvi na mtu. Nami, nisiwe mnafiki, nililitaka. Shangazi Subilaga, aliyenilea tangu mama yangu alipofariki, hakubishana na sisi. Alikuwa anamenya viazi. Alisema tu, "Mwanangu, chukua gari lenye akili timamu," akaendelea kumenya. Nikaenda kulala na maneno hayo.

Sasa nipo yadi. Yadi ina madawati. Magari yamekaa kwenye madawati, magurudumu ya mbele juu ya meza, yanafanya mtihani.

Msimamizi ni tairi la akiba. Linapita katikati ya mistari likibingirika polepole, likifika ukutani linageuka.

"Wewe ndiye mnunuzi?" linaniuliza.

"Ndiyo, mwalimu."

"Usiniite mwalimu. Mimi ni Akiba. Naingia kazini wenzangu wakipasuka."

"Shikamoo, Akiba."

"Marahaba. Simama hapo, na usiyanong'oneze majibu."

Nikasimama. Kilichonishangaza ni kimoja tu: madawati yalikuwa ya darasa langu mwenyewe, na gari moja kubwa, la watu wenye vyeo, lilikuwa limejibana kwenye kiti cha mtoto wa miaka mitano bila kulalamika.

Swali la kwanza ubaoni lilisema: Je, unakunywa?

Gari jekundu likanyoosha kifuta kioo. "Nakunywa kidogo tu," likasema, "nikiwa na marafiki."

Chini ya dawati lake palikuwa na madumu matupu ya petroli yamelala ubavu. Gwakisa alikuwa amepiga magoti mbele yake, akilifuta paji la uso kwa shati lake. "Ni ujana tu," akaniambia. "Litaacha likioa."

Swali la pili: Umewahi kugongwa?

"Moyoni tu," likajibu lile gari kubwa, na maji ya redieta yakaanza kulitiririka mashavuni. Akiba akalikabidhi leso. Ikabidi tungoje.

Nyuma kabisa, karibu na mlango, palikuwa na gari dogo la rangi ya maziwa yaliyodondoshewa chai. Lilikuwa limemaliza zamani, limefunika karatasi yake kwa mkono, ingawa sikumbuki mkono wenyewe ulitokea wapi. Nikachungulia. Kwenye maswali yote limejibu jambo moja: Asubuhi nitawaka.

"Hilo si jibu," alisema Gwakisa.

"Ni jibu," alisema Akiba, "ila halijaonyesha njia."

Hapo Shangazi akaingia akiegemea fimbo yake, kilemba kimefungwa vizuri, akawasalimia watahiniwa wote kwa jina moja la wanangu. Alisema amekuja kukaa. Kwani gari si la kukaliwa?

Akaanza na jekundu. Alifungua mlango, akaketi, akazama. Tulimwona mabega, kisha kilemba, kisha hatukumwona.

"Shangazi!" niliita. "Umefika wapi?"

"Chini," sauti yake ilijibu kutoka mbali. "Kuna mama huku anauza ndizi. Anasema na yeye alikaa kidogo tu, kujaribu."

Tulimvuta kwa kamba. Alitoka na kichane kimoja cha ndizi, hana hasira. Kwenye gari kubwa alihitaji ngazi, na alipofika juu alisema anaona hadi Malawi na kwamba wenzetu huko wameshaanika nguo. Kushuka ikawa kazi. Halafu akaliendea lile dogo la nyuma. Aliinua mguu wa kushoto, akauinua wa kulia, ule wenye nyonga mbovu, akakaa. Hakuguna.

Nilingoja agune. Shangazi akikaa popote huguna, iwe kwenye kiti cha kanisani au pembeni mwa kitanda. Mguno ule ndio unaonijulisha kwamba yupo nyumbani. Safari hii, kimya.

"Basi lipelekwe njiani," aliamua Akiba, akajiviringisha mwenyewe hadi kwenye buti la gari hilo na kujilaza humo. "Njia itaonekana hukohuko."

Lakini hairuhusiwi kuingia barabarani bila kukata bima. Mlangoni palisimama mama mmoja mwenye mkasi mkubwa na turubai lililoviringishwa.

"Nikukatie kubwa au ndogo?"

"Ndogo inatosha?"

Akakata kipande kama cha kufunikia sufuria. "Hii inamfunika yule utakayemgonga," alinieleza kwa upole. "Wewe utalowa."

Nikaipokea kwa mikono miwili, nikashukuru, nikageuka kumwonyesha Gwakisa. Hakuwepo. Yadi nayo haikuwepo. Tulikuwa chini ya mlima wa kwenda hospitali, na mvua ya kwetu ilikuwa inanyesha kama ilivyozoea, bila haraka na bila nia ya kukoma.

Kisa cha mlima huu nakijua kwa kusimuliwa. Nilipokuwa mdogo sana, wakati wa masika, homa ilinipanda hadi nikawa nageuza macho. Daraja lilikuwa limekwenda na maji, na hakuna gari lililoweza kupita. Shangazi alinifunga mgongoni akaukwea mlima kwa miguu. Aliteleza, akaanguka, akainuka, akanifikisha. Nikapona. Majirani husema nyonga yake iliharibika siku ile. Mwenyewe husema ni baridi ya Tukuyu, na ukitaja mlima anakuuliza kama umeshafunga kuku. Kwa hiyo sijawahi kumshukuru. Utamshukuruje mtu kwa jambo asilokubali kwamba lilitokea?

Lile gari dogo limesimama chini ya mlima, linatetemeka mpaka vioo vinagongana.

"Mlima siujui," linasema.

"Ndio unajifunza," nalijibu kwa sauti yangu ya darasani.

"Naogopa kurudi nyuma."

"Utashika breki."

"Na zenyewe zinaogopa."

Shangazi akanisogeza pembeni kwa fimbo. "Usilibughudhi. Huoni bado changa?"

Akafungua kanga aliyojitanda mabegani, ile ya kahawia anayotoka nayo kwenye misiba na kliniki. Akainama. "Haya, niinulie."

Nikaliinua gari kwa bampa. Lilikuwa na uzito wa mtoto aliyelala. Shangazi akalipokea mgongoni, akalitikisa kidogo likae sawa, akavuta kanga na kuifunga juu ya kifua. Gari likalaza boneti shingoni mwake, likazima taa.

"Shangazi, nyonga yako!"

"Nimeiacha nyumbani inasinzia. Twende."

Tukapanda. Yeye mbele, mimi nyuma nimenyoosha kile kipande cha bima juu ya kichwa chake, nalowa kama nilivyoelezwa. Alikuwa anaimba kile kibwagizo anachowaimbia watoto wa jirani, hakina maneno, kina mmm nyingi tu. Kila akiteleza nilishika gari kwa nyuma, na kila nikilishika alisema, "Usimwamshe."

Katikati ya mlima alisimama askari wa barabarani, nguo nyeupe pe, kavu kabisa. Nadhani yeye alikatiwa ile kubwa.

"Simama. Gari hili halina namba."

"Iko kwenye kanga," alisema Shangazi, akamgeuzia mgongo.

Askari alisoma kwa sauti, akipitisha kidole chini ya maneno: "Mzigo wangu siusikii uzito." Akafikiri. "Imesajiliwa wapi hii?"

"Hapo juu. Ule mwaka wa daraja."

Askari akabana miguu, akapiga saluti. Kisha akanitazama mimi. "Dereva ni nani?"

"Ni mimi, afande."

"Mbona unatembea?"

Nikatazama mabuti yangu.

"Dereva anatembea, gari limebebwa, na abiria ndiye anayebeba," alisema bila ukali. "Siwaandikii kosa. Ila rekebisheni huko mbele."

Tukamwacha. Aibu ilikuwa inanichoma masikio.

"Shangazi, nikupokee," nilisema.

"Bado."

Tukaenda kidogo.

"Shangazi, tafadhali. Nikupokee. Mimi ni mtu mzima, nina leseni."

"Nionyeshe."

Nikaitoa. Kwenye picha hapakuwa na mtu mzima. Palikuwa na mgongo wa mwanamke anayetembea kwenye mvua, na juu ya kanga paji dogo la uso wa mtoto linalong'aa kwa homa.

Shangazi aliitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. "Hii imekwisha muda wake," alisema, akanirudishia. "Kaifanye upya."

Tulipofika kileleni palikuwa na geti la hospitali na muuguzi mmoja amesimama mlangoni, mikono mfukoni, kama mtu aliyekuwa akitungoja tangu zamani na hakuchoka.

"Mmemleta?" aliuliza.

"Nimemleta," alisema Shangazi.

Akafungua kanga. Gari likateleza taratibu hadi chini, likasimama kwa magurudumu yake manne, likakohoa mara mbili. Likawaka. Liliwaka bila makuu, kama mtu anayeamka na kwenda kuchota maji.

"Njia imeonyeshwa," sauti ya Akiba ilisema kutoka ndani ya buti, na kwenye kioo cha mbele ikajichora alama ya vema kwa chaki nyekundu.

Muuguzi akanishika kidevu, akanigeuza uso huku na huku. "Na huyu mtoto kumbe alipona."

"Alipona," alisema Shangazi. "Tena anafundisha."

Ni hapo tu, katika maisha yangu yote, nilipomsikia akikiri kwamba tuliwahi kufika mahali pale.

Akaingia mbele, mguu wa kushoto, mguu wa kulia. Nikamfunga mkanda. Nikashika usukani, tukaanza kuteremka. Mvua ilikuwa imeanikwa kwenye migomba pande zote mbili, na gari lilijua kila kona kabla yangu, sijui lilijifunza lini, labda kule mgongoni.

Nikaona sasa ndiyo nafasi. Nikafungua mdomo nimwambie asante. Ikatoka honi.

Nikajaribu tena. Honi.

"Usinipigie honi, mwanangu," alisema Shangazi akitazama mbele, mikono imetulia mapajani. "Mimi nimo ndani."

Nikavuta pumzi, nikafungua mdomo mara ya tatu kwa nguvu zangu zote, na honi iliyotoka ilikuwa kubwa hadi ikaniamsha.

Ilikuwa honi ya pikipiki ya Gwakisa. Kulikuwa kumekucha, naye yupo uani, kofia ngumu kichwani.

"Tumpe! Amka, jekundu litachukuliwa!"

Nikafungua dirisha. "Liache lichukuliwe."

"Unaumwa?"

"Linakunywa."

Gwakisa alivua kofia. "Kidogo tu," alisema, sauti imepungua. "Nani kakwambia?"

Nilimwambia chai ipo jikoni, na kwamba akimaliza atupeleke yadi tukalitazame lile dogo la nyuma, la rangi ya maziwa. Sikukumbuka kuliona huko yadi siku nyingine yoyote. Lakini Gwakisa alisema, "Aa, lile," akaingia jikoni.

Nikatoka nje. Shangazi alikuwa kwenye bomba, ameketi kwenye kigoda, beseni mbele yake. Alikuwa anafua ile kanga ya kahawia, na kila akiinama alishika kiuno.

"Tumpe, hebu njoo. Kanga yangu umeifanyia nini? Jana jioni nimeiacha kwenye kamba safi, leo naikuta hivi."

Akaitandaza. Katikati yake, palipo na maandishi, palikuwa na mistari miwili myeusi, sambamba, myembamba, kila mmoja umechorwa kama mgongo wa samaki. Ni alama za matairi. Si za lori. Ni za gari dogo.

"Sijui, Shangazi," nilisema, na ulikuwa uongo nusu.

"Nimesugua, haitoki."

Nikachuchumaa upande wa pili wa beseni, nikashika pindo. "Nikupokee."

Nilidhani atasema bado. Akaiachia. Maji yalikuwa ya baridi, na nilisugua kwa muda bila kumtazama, maana nilikuwa naogopa nikifungua mdomo itoke nini. Kisha nikafungua.

"Ndaga fijo, Shangazi," nilisema, asante sana, kwa lugha ya nyumbani. Ikatoka sauti yangu ya kawaida.

"Ya nini, na haijatoka?"

"Ndaga tu. Ya kunibeba."

Nilingoja aniulize habari ya kuku. Hakuuliza. Alitazama kanga, akatazama mikono yangu ndani ya maji, akatazama upande wa mlimani, ambako mawingu yalikuwa yanaanza kukusanyika.

"Ulikuwa mwepesi," alisema hatimaye. "Hilo ndilo lililonitisha."

Akainuka, akaguna, akaenda ndani kutafuta viatu vyake vya safari. Nami nikabaki na beseni. Povu lilikuwa jingi, lakini ile alama sikuisugua sana.